Ijumaa ya Berlin inaanzia sokoni, kilabu baadaye kama ikibidi

Kila nikiongea na watu wa nyumbani swali ni lile lile, eti umeshaingia Berghain, ile kilabu ya tekno? Wameshaona klipu za ile foleni na yule baunsa mwenye tatuu usoni, Sven Marquardt, basi wanajua Ijumaa zetu huku ni kusimama kwenye baridi tunaomba Mungu tukubaliwe mlangoni. Jamani. Ijumaa yangu mi inaanza mida ya saa kumi na moja jioni, na mfuko wa shangazi kaja mkononi, naenda kugombania maembe.

Soko lenyewe liko Maybachufer, ukingoni mwa mfereji wa Landwehrkanal upande wa Neukölln, ukishuka treni Schönleinstraße unafika kwa miguu. Ni Jumanne na Ijumaa, saa tano asubuhi mpaka saa kumi na mbili na nusu jioni. Wenyeji wanaliita soko la Waturuki, na hilo jina halikudondoka toka mbinguni, mwaka 1961 Ujerumani Magharibi iliwekeana mkataba na Uturuki wa kuleta wafanyakazi, na mwaka huo huo ukuta wa Berlin ukajengwa, sasa mitaa ya huku iliyobanwa na ukuta ilikuwa na nyumba mbovu mbovu za kodi rahisi ambazo wenye hela hawakuzitaka, ndo huko wageni wakaishia. Walitegemewa wafanye kazi miaka michache warudi kwao. Wakaleta wake na watoto, wakafungua maduka, na leo Mjerumani mwenyewe anakuja kununua zeituni kwao.

Mchana siendi. Mchana ni wa watalii na kamera zao na bei iko juu, we nenda ile saa ya mwisho. Hapo muuzaji anapiga hesabu kichwani, akirudi na mzigo utamwozea, basi utasikia sauti zinapanda meza hadi meza, ein Euro, ein Euro, alles ein Euro! Bakuli zima la pilipili hoho euro moja, kreti la maembe yaliyoiva sana linashuka mpaka unamwonea huruma mwenye mali, giligilani na minti anakurushia fungu la pili kama nyongeza ukishamwita abi, yaani kaka mkubwa kwa Kituruki. Ila usilete ile kupatana ya Kariakoo ya kuondoka halafu unasubiri uitwe, huitwi ng'o, bei inashushwa na saa siyo na mdomo wako. Na chungulia chini ya kreti, juu parachichi zinang'aa chini uji. Bamia zipo, ndizi za kupika zipo, bizari zinapimwa kwa kijiko kikubwa, na mwisho mwisho huko kuna vitambaa vya mita ambavyo ukimpitishia fundi Temeke anaweza akalia. Beba keshi, kadi wengi hawataki. Na usiondoke bila kula gözleme, wamama wanasukuma pale pale unaona, ni chapati nyembamba imekunjwa na jibini na spinachi ndani.

Likifungwa soko usiku haujafika bado. Mwezi wa sita jua linazama saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo kuna masaa matatu hivi ya mwanga ambayo mji mzima unayamalizia nje. Desemba usiniulize, saa kumi jioni giza totoro, hadithi nyingine hiyo.

Hapa ndo wanaingia Späti, viduka vya kuuza mpaka usiku, vipo kila kona. Unachukua bia yako kwa bei ya duka, unakaa kwenye benchi la nje au unasogea Admiralbrücke, daraja la zamani ambalo vijana wanakaa chini kabisa kwenye mawe na magitaa yao, polisi wakipita saa nne usiku kuwaambia punguzeni kelele watu wanalala, wanaondoka bila ugomvi. Kunywa barabarani sio kosa. Chupa ukimaliza usitupe ndani ya pipa, iweke pembeni, maana chupa ya bia ina senti 8 na kopo lina senti 25 ukirudisha dukani, kuna wazee wanaishi kwa kuziokota na haipendezi wakaingize mikono kwenye taka.

Halafu kuna hili la kukesha. Mji huu baa hazilazimishwi kufunga, na inasimuliwa kwamba mwaka 1949 mwenye hoteli mmoja, Heinz Zellermayer, alimfuata kamanda wa Kimarekani na chupa ya wiski, wakaongea, saa ya kufunga ikafutwa upande wa Magharibi. Ndo maana kuna watu wanalala Jumamosi mapema, wanakunywa chai Jumapili asubuhi, wanaenda kilabu saa nne wamekoga. Mlangoni unabandikwa stika kwenye kamera ya simu. Na tekno yao imeingizwa 2024 kwenye orodha ya taifa ya urithi wa utamaduni. Nawaheshimu, ila kwangu ni mashine ya kusaga imekosa mahindi.

Mi nakatiza Hermannplatz kwenda bustani ya Hasenheide, na kila nikipita pale natafuta kibao cha Lucy-Lameck-Straße. Dada yetu wa Moshi huyo, kati ya wanawake wa mwanzo kabisa kuingia serikalini baada ya uhuru. Mpaka 2021 mtaa ulikuwa na jina la Hermann von Wissmann, na mimi ni mtu wa Tanga, nimekua nikisikia Abushiri, aliyepigana na Wajerumani, alivyonyongwa Pangani 1889, na kamanda wa Wajerumani aliyekuwa na amri siku ile ni Wissmann. Sasa vijana wanakunywa bia chini ya jina la Lucy, wengi hawajui ni nani, nikiwa na mood nawaambia, nikiwa na njaa napita.

Muziki ukinibana naenda YAAM, kijiwe cha muziki karibu na kituo cha treni cha Ostbahnhof, ipo tangu 1994, mchanga umemwagwa kando ya mto Spree, wali upo, rege ipo, amapiano ipo. Bongofleva kwa msimu, inategemea didjei. Treni Ijumaa na Jumamosi zinatembea usiku kucha, ila kata tiketi, wakaguzi wanavaa nguo za kiraia na faini ni euro 60, hiyo ni kreti za maembe mpaka uchoke.

Na manunuzi maliza hiyo hiyo Ijumaa au Jumamosi. Jumapili maduka karibu yote yamefungwa, usipobeba kitu utakula döner, ile nyama ya kukatwa ndani ya mkate, mpaka Jumatatu.