Onyo la r8169

Ligula, Jumamosi usiku

Mama wa stesheneri alikwisha toa hukumu yake. Kila akiwasha kompyuta unapita kwenye kioo mstari wa onyo la r8169, draiva ya Linux inayoendesha kadi za mtandao za Realtek, na mchana, foleni ya watu wa fomu ikiwa imefika barazani, mtandao unakatika. "Mwanangu, onyo lile ndilo linalokata." Nani asingeunganisha?

Onyo linasema draiva imeshindwa kuzima ASPM kwa sababu mfumo hauna mamlaka nayo. ASPM huilaza njia ya PCIe kati ya kadi na ubao mama kukiwa hakuna kazi, kusudi umeme uokolewe. Baadhi ya kadi za Realtek zikilazwa hivyo huleta vituko, ndiyo maana draiva huwahi kuizima. Ila BIOS ya mashine ile (programu ya ubao mama inayoamka kwanza) haijaikabidhi kerneli, kiini cha Linux, madaraka: mpangaji anaambiwa azime taa, swichi iko chumbani kwa mwenye nyumba.

Ushauri uliozagaa ni kuandika pcie_aspm=off kwenye GRUB, programu inayoipakia Linux. Jina hilo linadanganya. Kerneli haizimi kitu, inaacha tu kuigusa ASPM, na mpangilio wa BIOS unabaki ulivyo. Aliyechagua neno off katutesa wengi.

Nikaendesha sudo lspci -vv, amri ya kuorodhesha vifaa vya PCIe, nikashuka hadi LnkCtl ya kadi, mstari wa mipangilio ya njia yake: ASPM Disabled, yaani imezimwa. Kumbe kilichoishinda draiva kukizima kilishazimwa zamani!

Nikarudi kwenye dmesg, daftari la ujumbe wa kerneli, safari hii kutazama saa ya kila mstari. Onyo limetoka mara moja tu, wakati wa kuwasha. Mistari ya Link is Down (kiungo kimekatika) imejazana mchana. Ethtool, amri ya kukagua kadi ya mtandao, nayo ikasema kasi 100 Mb/s, wakati kadi na rauta ni za 1000. Nikaacha kibodi, nikainama chini ya meza. Kichwa cha kebo hakina kile kikucha cha kushikia, pini zimeota kutu ya kijani (hewa ya bahari hii!), na kila mteja akisogeza kiti kebo inacheza. Kasi ya 1000 inataka jozi zote nne za nyaya. 100 inatosheka na mbili. Nikakata, nikabana kichwa kipya, ikapanda 1000.

Mama akazima, akawasha. "Mbona bado lipo?" Nikamweleza. Hakutaka maelezo, alitaka liondoke. Nimeweka neno quiet (kimya) kwenye GRUB: kwenye kioo halionekani tena, dmesg inalitunza. Sikupenda sana, ila duka ni lake.