Mawe ya Afrika katikati ya Roma

Wageni wengi wanaofika Roma huanzia Koloseo, na sina sababu ya kuwazuia. Hata hivyo, msomaji wa kwetu atakayejaliwa kuutembelea mji huo ningemshauri aingie kwanza Foro, uwanja wa kale uliokuwa kitovu cha siasa za Warumi, asimame mbele ya tao la Septimius Severus. Kaisari huyo alizaliwa Leptis Magna, katika nchi ambayo leo ni Libya, na tao hilo lilijengwa mwaka 203 kuadhimisha ushindi wake dhidi ya Waparthi, watawala wa Uajemi ya kale. Tazama mstari wa nne wa maandishi yaliyo juu yake: kati ya herufi kuna matundu yasiyolingana nazo, alama za herufi za shaba zilizong'olewa. Hapo palikuwa na jina la Geta, mwana wa Severus, aliyeuawa mwaka 211 kwa amri ya kaka yake, Caracalla, ambaye kisha aliagiza jina la marehemu lifutwe kila mahali. Nilikaa pale muda mrefu nikiyafuata matundu hayo kwa macho, kwani sijaona kwingine chuki ya ndugu ikiwa imebaki wazi namna ile.

Si mbali na hapo ndipo ilipo Pantheon, hekalu lililojengwa upya zama za Kaisari Hadrian na kugeuzwa kanisa mwaka 609, jambo lililolinusuru na wabomoaji. Watu hukimbilia ndani kutazama kuba la zege lenye kipenyo cha mita 43, nalo linastahili sifa zote. Mimi nilizuiwa na nguzo za barazani. Nyingi ya zile za kijivu, kila moja ikiwa jiwe moja la graniti lenye urefu wa karibu mita 12, zilichongwa Mons Claudianus, machimbo ya jangwa la mashariki mwa Misri, zikaburutwa hadi mto Nile, zikateremshwa kwa mashua, kisha zikavushwa Bahari ya Mediterania. Ukisogea karibu unaziona chembe nyeusi ndani ya jiwe, na kazi ya mikono ya wachimbaji.

Kisha nenda Laterano, ilipo obeliski, yaani nguzo ndefu ya jiwe yenye ncha, ya Thutmose III, farao wa Misri, iliyotolewa katika hekalu la Karnak na kusimamishwa Roma mwaka 357. Ina urefu wa zaidi ya mita 30, na hakuna obeliski ya Misri ya kale iliyosimama inayoizidi.

Obeliski ya Aksum hutaikuta tena. Utawala wa Mussolini, dikteta wa Italia, uliichukua kutoka Ethiopia mwaka 1937 na kuisimamisha Roma karibu na Circus Maximus, uwanja wa kale wa mbio za magari ya farasi. Italia iliahidi kuirudisha katika mkataba wa amani wa 1947, lakini ilifika kwao mwaka 2005 tu, ikasimamishwa mwaka 2008. Anayetaka kuiona sasa hana budi kwenda Aksum, na ndivyo inavyostahili.