Mafunzo ya uongozi wa afya yaanzie kwenye rafu tupu

Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, wa zahanati ya Mbagala au Gongo la Mboto jijini Dar es Salaam alisomea kutibu. Siku anayokabidhiwa ofisi anarithi rosta, stoo ya dawa, kamati ya usimamizi wa kituo na ugomvi wa watumishi uliokuwepo kabla hajafika. Anarithi pia akaunti ya benki, kwa kuwa tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wahisani, huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Mtu huyu ukimpeleka Bagamoyo siku tano kusikiliza tofauti kati ya kiongozi na meneja, atarudi na cheti, na stoo ataikuta vilevile.

Mafunzo yanayozaa kitu huchukua miezi mitatu hadi minne. Warsha ya kwanza siku tatu, ya pili na ya tatu siku mbili mbili, na katikati yake wiki sita hadi nane za kazi kituoni. Kila kituo kilete watu watatu: mganga mfawidhi, muuguzi mfawidhi na mtunza stoo. Akija mmoja, wenzake watamwona amerudi na mambo ya semina. Vituo sita vinatosha, yaani watu 18. Wakizidi hapo mwezeshaji anageuka mhubiri. Ukumbi wa manispaa unafaa kabisa. Kocha, ambaye anaweza kuwa mjumbe wa timu ya afya ya manispaa, afike kituoni mara mbili kati ya warsha na warsha, na aje bila fomu ya ukaguzi mkononi.

Kazi ya warsha ya kwanza ni moja: kila kituo kichague tatizo ambalo kinaweza kulipunguza kwa mikono yake na kulipima. Hapa ndipo wengi wanateleza. Wataandika "upungufu wa watumishi", ilhali kibali cha ajira hakitoki kwao. Au wataandika "kuboresha huduma", ambayo haina kipimo. Lengo linalofaa linasomeka hivi: ifikapo 30 Juni, siku ambazo amoksilini (dawa ya antibiotiki) haipo zishuke kutoka 20 hadi zisizozidi 3 katika kila miezi miwili.

Tubaki na amoksilini, maana ndani yake kuna somo zima la uongozi. Chukua kituo kilichotoa kapsuli 6,000 katika siku 60. Mtunza stoo anagawa kwa miezi miwili, anapata 3,000 kwa mwezi, anaagiza 6,000 nyingine. Lakini leja, daftari la stoo, inaonyesha dawa haikuwepo siku 20. Kapsuli 6,000 zilitumika kwa siku 40, sawa na 150 kwa siku, kwa hiyo mahitaji halisi ni 4,500 kwa mwezi na oda sahihi ni 9,000, kabla ya kuongeza akiba. Akiagiza 6,000 zitaisha siku ya 40, na siku 20 za rafu tupu zitarudi kama zilivyokuwa. Kituo kinaweza kuishi hivyo miaka mingi huku lawama zote zikipelekwa Bohari ya Dawa, taasisi ya serikali inayosambaza dawa vituoni.

Sasa uliza kwa nini, na usiridhike na jibu la kwanza. Kwa nini oda ni ndogo? Siku za kukosa dawa hazihesabiwi. Kwa nini? Leja hujazwa mwisho wa mwezi, kwa kukisia. Kwa nini? Anayeitunza ndiye huyohuyo anayegawa dawa dirishani tangu asubuhi. Kwa nini yuko peke yake? Rosta imepangwa hivyo. Basi dawa ya tatizo ni rosta: mtu wa pili dirishani kuanzia saa 8 mchana kwa dakika 20, leja ijazwe kila siku. Mpango kazi ukijaa maneno "mafunzo" na "uhamasishaji", ujue waliuliza kwa nini mara moja tu.

Oda ikiwa sahihi na Bohari ikakosa dawa, njia ipo: kituo kinapata uthibitisho kwamba dawa haipo, kisha kinanunua kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeteuliwa kwa ajili ya mkoa. Mfumo huo ulianzia Dodoma mwaka 2014. Kinachokwamisha mara nyingi ni muhtasari wa kamati. Kikao hakikukaa, au kilikaa bila akidi, na fedha iko benki haigusiki. Kwa hiyo warsha ya pili ifundishe jinsi ya kuitisha kikao: ajenda zisizozidi nne, kila azimio na jina la mtekelezaji na tarehe, muhtasari usainiwe palepale.

Nusu siku nzima iende kwenye maongezi magumu, kwa igizo. Muda wa kazi unaanza saa 1:30 asubuhi, na kwa foleni za jiji hili wanaochelewa hawakosi. Mfawidhi ashike kwanza daftari la mahudhurio, amwite mhusika faragha, aanze na tarehe badala ya tabia: "Sista, wiki hii siku tatu umefika baada ya saa 2. Njiani kuna nini?" Kisha anyamaze. Kunyamaza ndiko kunakowashinda wengi. Wakikubaliana, iandikwe mistari miwili na siku ya kuonana tena. Barua ya onyo inakuja baadaye, ikibidi, na haisomwi mbele ya wengine kwenye kikao cha asubuhi.

Pigo lisilozuilika ni uhamisho. Mfawidhi anahamishwa mwezi wa tatu na kazi inakufa naye. Ndiyo maana ya wale watu watatu, na ndiyo maana ya karatasi moja iliyobandikwa nyuma ya mlango wa stoo: lengo, siku za kukosa dawa kila mwezi kwa kalamu nyekundu, jina la anayejaza leja leo.