Karai la Maji ya Chumvi

Mei 2020 nilikuwa keshia kwenye supamaketi moja katikati ya Nairobi. Kafyu ya korona ilianza saa moja jioni, na matatu za abiria 14 zilibeba 8 tu, kwa hiyo nauli ilikuwa imepanda. Siku nyingi niliikanyaga Jogoo Road kwa miguu hadi Umoja, barakoa imelowa jasho, nikikimbizana na saa.

Jioni moja mvua ilinikuta Makadara. Nilifika nyumbani zikiwa zimebaki dakika chache. Viatu nikavua mlangoni, nguo nikaloweka, mikono nikanawa hadi vidole vikakunjamana. Kisha nikakaa sakafuni, nikashindwa kuinuka. Sikuwa mgonjwa. Tangu Machi 13, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alipotangaza mgonjwa wa kwanza, kila alasiri nilisikiliza idadi ya walioambukizwa, na usiku nikalala nayo. Kila noti niliyopokea kwa mteja niliiogopa.

Mama akapiga simu kutoka Voi. Nairobi ilikuwa imefungwa tangu Aprili 6, hakuna kutoka wala kuingia, na sikujua nitamwona lini.

"Umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Hujala. Na miguu je?"

Hapo machozi yakanitoka. Mama aliuza nyanya sokoni utoto wangu wote. Kila jioni, kabla hajawasha jiko, alitia miguu kwenye karai la maji moto na chumvi, na ole wake atakayemwita. Sisi watoto tulinuna kwa njaa. Sikuwahi kumuuliza miguu yake ilikuwaje.

"Bandika maji, mwanangu. Sikati simu."

Nikabandika. Chumvi nikaimimina bila kupima. Visigino vilikuwa vimepasuka, na kando ya kidole gumba lengelenge lilikuwa limetumbuka, nyama nyekundu inaonekana. Chumvi ikachoma nikauma meno, kisha uchungu ukalegea taratibu, ukapanda na joto hadi magotini. Redio ya jirani ikaanza taarifa ya habari. Nikanyoosha mkono, nikafunga dirisha.

Kwenye simu nikasikia maji yakichuruzika.

"Mama, unafua usiku huu?"

"Nafua nini? Na mimi nimetia yangu."

Akanisimulia bei ya nyanya, na mbuzi wa jirani aliyekula kunde zake. Tukakaa hivyo, yeye Voi, mimi Umoja, hadi maji yakapoa na salio lake likaisha.