Pete Nyeusi za Langoni

Nauli ya boti kutoka Mokowe hadi Lamu ilipanda mara tu nilipoulizwa sanduku langu lile refu lina nini. Nikasema bawa la ndege. Nahodha akacheka, akasema bawa nalo ni abiria. Nikalilipia. Ni bawa la glaida ya modeli yenye mota, mita 3 kutoka ncha hadi ncha, vipande viwili, nami nilikuwa nampelekea mwenye nalo, mwenyeji wangu wa Lamu, ambaye lalama yake ilikuwa moja: mota ikiwashwa, ailoni, vile vibao vya nyuma ya bawa vya kuinamisha ndege, zinatetemeka zenyewe.

Ya basi sina mengi. Viti vya kubana, ukaguzi juu ya ukaguzi tangu Garsen, na soda ya Witu kwa bei ya hoteli ya watalii. Kilichonichangamsha ni njia ya kuingia Ngomeni, tulipokwisha kuipita Malindi na daraja la Sabaki. Baharini upande ule kuna jukwaa la San Marco la Waitaliano, na tarehe 12 Desemba 1970 Marekani ilirusha hapo setilaiti ya kutafuta nyota zinazotoa eksirei, ikaitwa Uhuru kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru wake. Wenzetu walikuja pwani hii kutafuta nyota. Mimi nakwenda kutafuta pete za feraiti, ile kauri nyeusi ya kuzuia kelele za umeme kwenye nyaya.

Seti ya redio ya mwenyeji wangu ni ya mitumba kutoka Uingereza, masafa ya 35 MHz. Antena ya risiva yake, kipokezi kinachokaa ndani ya ndege, ni waya wa kama mita 1. Waya wa sevo, kile kimota kinachosukuma ailoni, nao kutoka kwenye risiva ni mita 1.2 kila upande. Hapo ndipo penye fitina. Waya mrefu hivyo nao ni antena, upende usipende: unadaka kelele za kidhibiti cha mota na kuzifikisha mlangoni mwa risiva. Dawa ni kuvisha pete ya feraiti kwenye waya huo, karibu kabisa na risiva, nyaya zote tatu zipite pamoja kwa mwelekeo mmoja. Umeme wa sevo unaokwenda na unaorudi hufutana ndani ya pete, kwa hiyo hauguswi. Kelele inayosafiri juu ya nyaya zote kwa pamoja ndiyo inayozuiwa. Wenye redio za 2.4 GHz wengi hawana haja ya haya. Lakini bei ya rimoti mpya Mombasa ni ya kumtia mtu homa, na simlaumu anayeshikilia ya zamani.

Duka la kwanza, Usita wa Mui, kijana alinitolea pete za manjano zenye uso mmoja mweupe. "Hizi ndizo za kuondoa kelele," akasema, shilingi 400 moja. Hizo si feraiti. Ni unga wa chuma ulioshindiliwa, hukaa kwenye pawasaplai za kompyuta kulainisha umeme wa moja kwa moja. Rangi ndiyo kitambulisho chake: manjano na nyeupe ni aina ya 26, kijani na buluu ni ya 52, na kwa 35 MHz zote mbili hazizuii kitu cha maana. Nilipomweleza akashusha hadi 300, halafu 250. "Bwana mdogo, hata ukinipa bure hazifai." Akanijibu kwamba watu wa Mombasa tumezoea vya bure.

Nikaelekezwa Langoni, kwa mzee anayetengeneza redio na televisheni kwenye chumba ambacho meza imekimaliza.

"Sabalkheri, maalim."

"Sabalkheri, mwanangu. Ndoo, kaa kitako."

Nikamweleza shida. Hakujibu. Aliinama chini ya meza akatoa fundo la kebo za monita za zamani, zile za plagi ya buluu zenye uvimbe karibu na kichwa. Uvimbe ule ndio mali. Ukipitisha kisu juu ya plastiki kwa urefu, upande mmoja kisha wa pili, bila kukandamiza, ndani unakuta bomba jeusi la feraiti la kama sentimita 3. Mzee alikuwa akikata kebo kwanza, kisha anachomoa bomba zima. Nyundo hakuigusa, na alikuwa na haki: feraiti huvunjika kama kigae, na ukiigandisha kwa gundi, ufa unaobaki hupunguza nguvu yake.

Halafu akachukua mita ya fundi, akaweka ncha zake mbili juu ya bomba, kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. Sindano haikutikisika. Nilifurahi kuona hivyo. Feraiti ya nikeli na zinki haipitishi umeme, na ndiyo inayofaa makumi ya megahezi. Ya manganizi na zinki huonyesha omu kadhaa, pengine kwa maelfu. Hiyo ina nguvu kwenye masafa ya chini, na kwa 35 MHz msaada wake ni mdogo. Pete iliyopakwa rangi inabidi ikwaruzwe kabla ya kupimwa, la sivyo unapima rangi.

Kwa ndege ndogo ya gramu 300 bomba la monita ni mzigo. Kwa hizo mzee alikuwa na kopo la vijipete vya sentimita 1 kutoka mabodi ya balbu za enaji seva. Ni vyepesi, ingawa kwa kawaida ni vya manganizi na zinki. Anayevitoa mwenyewe asivunje kioo, kina zebaki, na asiguse bodi kabla ya kumaliza umeme wa kapasita kubwa: inaweza kubaki na volti zaidi ya 300.

Mabomba matatu, shilingi 300, na kahawa juu yake. Nikakumbuka kwetu, ambako kebo kama hizi tunawauzia wa vyuma chakavu kwa kilo. Wao wanataka shaba, na feraiti inapondwa kwa jiwe barabarani. Kisha tunalipa kuagiza pete Luthuli, Nairobi, na kungoja.

Kazi ilifanyika kwenye daka la mwenyeji. Plagi ya sevo haipiti tunduni, kwa hiyo kiulimi cha plastiki kinainuliwa kwa sindano na pini zinachomolewa moja moja. Andika mpangilio kabla: nyekundu katikati, hasi ukingoni, amri ukingo wa pili. Kila mara nyaya zote zikipita tunduni pamoja ni mzunguko mmoja, na kizuizi hukua kwa mraba, yaani mizunguko 4 ni mara nne ya 2. Tulipata 4. Ukirundika hadi mwanzo na mwisho wa waya vigusane, kelele huruka pembeni ya pete. Mizunguko hiyo pia hula waya, karibu sentimita 8 kila mmoja, kwa hiyo ongeza sentimita 30 mapema. Bomba la tatu likaenda kwenye waya wa kidhibiti cha mota unaoingia risiva.

Ufukweni Shela tukapima tukiwa chini, propela imetolewa, antena ya rimoti imekunjwa, huku rimoti ikisogezwa mbali na ndege hatua kwa hatua. Bila pete, mota ikizunguka, sevo zilianza kutetemeka kwa hatua 14. Mota ikizimwa, hatua 41. Kwa bomba la kidhibiti peke yake, 19. Kwa yote matatu, 38, na hizo tatu zilizobaki sikuzisumbukia.

Mabomba yakafungwa kwa tai za plastiki kwenye ubao wa ndani, yasije yakang'oa plagi ndege ikitua vibaya. Yote yako mbele ya kitovu cha uzito, ikabidi betri irudi nyuma sentimita 2 na kamba yake itobolewe tundu jipya.