Bunduki ya Ami

Ami aliileta baada ya Alasiri, imefungwa ndani ya kikoi, akawafukuza watoto wote sebuleni nikabaki mimi. Nilikuwa na miaka 16. Leseni aliihangaikia mpaka soli za viatu zikaisha. Kuwinda hakutaka, na uwindaji Kenya ulikuwa marufuku tangu 1977. Nyani walikuwa wakimmalizia mahindi kule Kwale, alitaka mlio wa kuwatimua tu. Lakini alipofika kununua, alinunua kwa macho.

Na ilikuwa nzuri, haki ya Mungu. Kitako cha mti wa mjozi kimeng'aa kwa mashavu ya watu nisiowajua, na mitutu miwili imelala ubavu kwa ubavu, chuma chake kina mawimbi kama mchanga bahari inapokupwa.

Akaitwa fundi mzee, jirani yetu hapo Mji wa Kale. Kwanza akaifungua kwa kuikunja katikati kuona kama ni tupu, ingawa Ami alishaapa kuwa ni tupu. Akatia karatasi ya sigara baina ya mitutu na uso wa nyuma, akafunga, akavuta. Ikakatika. "Bado imeshika," akasema.

Akaitoa mitutu, akaining'iniza kwa kidole kimoja, akaigonga kwa ukucha. Ikalia kama kengele, sauti ndefu tamu. Ingelia bubu, akatuambia, ujue ule utepe wa katikati umeachia lehemu. Akanipa niielekeze dirishani. Ndani niliona pete za mwanga zimepangana, kisha karibu na mdomo vidoa vyeusi. Kutu, hewa yetu ya chumvi haisamehe.

"Mawimbi haya ni Damasko," akasema. "Vipande vya chuma laini na feleji vimesokotwa pamoja, vikazungushwa kwenye fito kama ukili wa kikapu, vikafuliwa mpaka vikashikana."

Kisha akageuza chini, akavaa miwani ya pili juu ya ya kwanza. Pale palikuwa na mihuri midogo ya kuonyesha mitutu ilipimwa nguvu: taji, na chini yake fimbo mbili za kifalme zimepishana. Birmingham, akasema, kabla ya 1904. Akatafuta herufi NP, alama ya kupimwa kwa baruti ya kisasa, akatafuta tena, akasugua kwa kitambaa. Hazikuwapo.

"Bwana, hii ilipimwa kwa baruti nyeusi. Hizo risasi ulizonunua ni za baruti ya kisasa. Tena vyumba vyake vya risasi ni vifupi, milimita 65, na risasi zako ni za 70. Ganda likifunguka humo halina pa kwenda. Usizitie."

Boksi la risasi 25 lilikuwa mezani, halijafunguliwa. Ami akalitazama, kisha akanitazama mimi, sijui kwa nini, kana kwamba nilimshauri.

"Kwa hivyo nimenunua pambo?"

Mzee akavua miwani moja. "Pambo zuri lakini."

Nje waliadhini Magharibi. Ami hakuinuka. Alinisogezea ile mitutu.

"Hebu igonge tena," akasema.