Jinsi tulivyopata fedha za mavazi ya wazimamoto katika bajeti ya kaunti

Mimi ni fundi cherehani na katibu wa chama cha wafanyabiashara wa soko katika mji mmoja wa magharibi mwa Kenya, mji ambao sitautaja jina kwa kuwa maafisa walionielekeza wangali kazini. Soko letu limepakana na barabara inayopitisha malori ya mafuta kuelekea Uganda, na tangu moto wa Malanga katika Kaunti ya Siaya, mwezi Julai 2021, ambapo watu waliokuwa wakichota petroli kutoka kwa lori lililopata ajali waliteketea, hakuna mfanyabiashara wa hapa anayehitaji kuelezwa umuhimu wa kikosi cha zimamoto. Naeleza hapa jinsi tulivyolishawishi bunge la kaunti litenge fedha za mavazi ya kujikinga ya wazimamoto, na jinsi mjadala ulivyogeuka kutoka idadi ya mavazi hadi kemikali zilizomo ndani yake.

Suala hili lilinifikia kupitia cherehani. Wazimamoto walikuwa wakiniletea makoti yao nibadilishe zipu na kushona upya ile mikanda inayong'aa, na kila nilipoligeuza koti niliona lebo yenye mwaka wa kutengenezwa. Mengi yalikuwa makoti ya msaada kutoka Ulaya, yaliyotumika huko kabla ya kuletwa kwetu. Kanuni za NFPA, shirika la Marekani linaloweka viwango vya kazi ya zimamoto, zinataka vazi la namna hiyo liondolewe kazini likifikisha miaka 10 tangu litengenezwe, hata kama kwa macho linaonekana zima. Nilipomwuliza mkuu wa zamu kwa nini hawasemi, alinijibu, "Mama, sisi ni waajiriwa wa kaunti. Nikisimama kwenye kikao cha umma kumlalamikia mwajiri wangu, kesho nitapangiwa kulinda lango." Jibu hilo ndilo lililotufanya wafanyabiashara tuichukue hoja iwe yetu.

Nilisoma kwa muda kabla ya kuandika chochote. Koti la zimamoto lina tabaka tatu: la nje la nyuzi zinazostahimili moto, la kati ambalo ni utando unaozuia maji kuingia huku ukiruhusu jasho kutoka, na la ndani linalokinga joto. Kwa miaka mingi utando huo wa kati, pamoja na dawa inayopakwa kwenye kitambaa cha nje ili maji na mafuta visipenye, vimetengenezwa kwa kemikali zenye florini za jamii ya PFAS, ambazo haziozi kwa urahisi katika mazingira wala mwilini. Mwaka 2020 kundi la mwanafizikia Graham Peaslee wa Chuo Kikuu cha Notre Dame lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mavazi hayo yana florini kwa wingi na kwamba kemikali hizo zinaweza kutoka kwenye kitambaa. Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka kazi ya uzimamoto katika kundi la mambo yanayosababisha saratani kwa binadamu, na mwaka uliofuata likaiweka PFOA, mojawapo ya kemikali za PFAS, katika kundi hilo hilo. Mwezi Mei 2024 wawakilishi wa jiji la San Francisco walipitisha sheria ya kuyaondoa mavazi yenye PFAS kufikia tarehe 30 Juni 2026, na jimbo la Massachusetts likafuata kwa marufuku ya kuyauza kuanzia mwaka 2027.

Ni lazima niseme wazi kwamba hoja hiyo ya kemikali, ingawa ni ya kweli, haikuwa ya kwanza kwetu. Mzimamoto anayeingia kwenye moshi bila koti anaumia leo, ilhali madhara ya kemikali ni ya miaka mingi. Masizi yanayoganda kwenye vazi lisilofuliwa nayo yana sumu zake, na kituo chetu hakikuwa na mahali pa kufulia, hivyo watu walikuwa wakiyabeba makoti hadi nyumbani na kuyaanika pamoja na nguo za watoto. Kwa hiyo waraka wetu ulidai kila mtu wa zamu apate seti yake mpya, kisha ukadai kwamba, kwa kuwa fedha zitatumika kununua vipya, visinunuliwe vile ambavyo wenzetu wanavitupa.

Kuhusu sheria hatukupata shida. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti huduma za zimamoto, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamlazimu mwajiri kuwapa wafanyakazi mavazi ya kujikinga yanayofaa, na kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa mtu yeyote haki ya kuliandikia bunge la kaunti ombi. Ugumu ulikuwa katika kalenda. Watu wengi husubiri vikao vya bajeti vya Mei, wakati makadirio yameshafika bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, ilhali viwango vya juu vya matumizi ya kila idara huwekwa katika Waraka wa Mkakati wa Fedha unaowasilishwa kufikia tarehe 28 Februari. Ukikosa Februari, mwezi wa Mei utaambiwa kwa upole kwamba maoni yako ni mazuri na kwamba fedha zimekwisha kugawanywa. Karani mmoja wa bunge ndiye aliyenifungua macho kuhusu jambo hilo, nami nikaupeleka waraka mwezi wa Januari, ukiwa na sahihi za wenye vibanda.

Kamati ya Bajeti ilitusikiliza kwa heshima, lakini mwelekeo wake ulikuwa gari jipya la zimamoto. Sikulaumu sana. Gari huhesabiwa kuwa matumizi ya maendeleo, ambayo sheria ya fedha za umma inataka yasipungue asilimia 30 ya bajeti ya kaunti, na makoti huangukia kwenye matumizi ya kawaida, ambako mishahara imeshakula karibu kila kitu. Isitoshe, gari huzinduliwa kwa hotuba na picha. Sijawahi kusikia gavana akizindua glavu. Mheshimiwa mmoja aliuliza kwa nini tununue kwa bei ghali vitu ambavyo wafadhili hutupatia bure. Nilikuwa nimebeba koti moja kwenye mfuko, kwa idhini ya mwenyewe, nikamwomba mheshimiwa alivae. Alilivaa, akasoma lebo kwa sauti, akalivua upesi kwa sababu ya harufu, na wenzake wakaanza kulipokezana. Baada ya hapo hakuna aliyelitaja tena neno la bure.

Pingamizi lililokuwa na uzito zaidi halikutoka kwa wanasiasa, lilitoka kwa wazimamoto wenyewe. Dawa za kitambaa cha nje zisizo na florini huzuia maji vizuri, lakini hazizuii mafuta kwa kiwango kile kile, na mtu anayesimama karibu na lori linalovuja petroli ana haki ya kuogopa koti linalofyonza mafuta. Sikuwa na jibu la kuwatuliza, na sidhani ni halali kwa fundi wa sokoni kuwaamulia watu wanaoingia motoni. Tulikubaliana kwamba utando wa kati usiwe na PFAS, kwa kuwa utando wa poliyurethani au poliesta unapatikana na unaweza kukidhi kiwango cha Ulaya cha mavazi ya wazimamoto, EN 469, na kwamba kitambaa cha nje kiamuliwe na kikosi baada ya kujaribu sampuli.

Kamati ilikubali kuanzisha kifungu kipekee cha bajeti kwa mavazi ya zimamoto. Nasisitiza neno kipekee, kwa maana fedha zikiwekwa chini ya sare za wafanyakazi kwa jumla, huishia kwenye mashati na majaketi ya idara nyingine. Kiasi kilichopitishwa kilikuwa pungufu ya tulichoomba, hivyo zamu moja ndiyo iliyovalishwa kwanza na nyingine zinangoja mwaka wa fedha unaofuata.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya zabuni, na huko ndiko nilikotumia muda mwingi kuliko bungeni. Kwa kawaida mzabuni aliyetimiza masharti kwa bei ya chini kabisa ndiye anayeshinda, kwa hiyo sharti lisiloandikwa ni sawa na sharti lisilokuwepo, na maelezo yanayosema tu "ovaroli za kuzuia moto" yangetuletea nguo za wachomelea vyuma. Mkuu wa zamu aliandika maelezo ya kiufundi, nami nikayapitia upande wa ushonaji: tabaka ngapi, mshono wa uzi gani, zipu ya namna gani, vipimo vichukuliwe kwa kila mtu mmoja mmoja wakiwemo wanawake wa kikosi, mwaka wa kutengenezwa uonekane kwenye lebo, na cheti cha maabara kuhusu florini kiambatishwe kabla ya malipo. Idara iliyapokea karibu yote na kukataa vipimo vya mtu mmoja mmoja, ikasema vitachelewesha zabuni, hivyo wanawake wawili wa kikosi wameniletea mikono ya makoti nipunguze, kazi ambayo naifanya kwa shingo upande kwa kuwa kila mshono unaofunguliwa kwenye utando ni njia ya maji kuingia.

Mashine ya kufulia makoti, ambayo nayo tuliiomba, iliondolewa kabisa katika makadirio. Mpango wa maendeleo wa mwaka ujao unapaswa kufika bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, na waraka wetu kuhusu mashine hiyo, pamoja na chumba cha kukaushia, umekwisha kupigwa muhuri wa kupokewa katika ofisi ya karani.